Programu Hutolewa Bure, Utunzaji Wake Una Gharama: Namna Mfumo Huria wa Ujumbe wa Papo kwa Papo Unavyojengwa na Kuendeshwa

Sehemu kubwa ya kazi za kuwahudumia wananchi siku hizi hupita katika ujumbe wa simu. Mganga Mfawidhi wa zahanati huuliza kama dawa iliyomwishia inapatikana kituo cha afya cha jirani. Mtendaji wa Kata hutuma picha ya kalavati lililosombwa na mvua ya usiku. Mwalimu Mkuu hueleza upungufu wa madawati kabla wanafunzi hawajafungua shule. Ujumbe wa namna hii hufika haraka kuliko barua na kwa gharama ndogo, wala hakuna anayetamani kurudi kwenye enzi ya tarishi wa baiskeli.

Hata hivyo, yapo maswali matatu ambayo kila ofisi ya umma inapaswa kujiuliza. Ujumbe huo unahifadhiwa wapi? Ni nani mwenye uwezo wa kuusoma? Na je, utakuwa wapi siku mtumishi aliyeupokea atakapohamishwa au kustaafu? Makala hii inaeleza njia mojawapo ya kuyajibu maswali hayo, nayo ni taasisi kuendesha mfumo wake wenyewe wa ujumbe wa papo kwa papo unaofunguliwa kwa kivinjari cha intaneti na uliojengwa kwa programu huria. Tutaeleza faida zake na pia mzigo wake, kwa kuwa anayeelezwa faida peke yake hukuta mzigo mlangoni.

Taarifa za umma katika simu za watu binafsi

Makundi ya mazungumzo yaliyomo katika simu zetu yalibuniwa kwa ajili ya ndugu, jamaa na marafiki. Msimamizi wa kundi ni yule aliyelianzisha, hata kama amekwisha kuhama idara. Mtumishi anapohamia wilaya nyingine huondoka na simu yake, na ndani ya simu hiyo yamo mazungumzo ya miaka kadhaa: majina ya wagonjwa waliopewa rufaa, picha za kurasa za rejesta, malalamiko ya mipaka ya viwanja na namba za simu za walalamikaji. Anayeipokea ofisi hukabidhiwa majalada na funguo za kabati, lakini mazungumzo hayo hakabidhiwi. Wakati huohuo aliyehama anaweza kusalia katika kundi kwa muda mrefu, akiendelea kupokea taarifa zisizomhusu tena.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Taarifa nazo ni mali, na sheria inazitambua hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaitaka taasisi inayokusanya taarifa za watu izitumie kwa madhumuni yaliyokusudiwa na izilinde zisifikiwe na wasiohusika. Ofisi haiwezi kulinda kitu isichojua kilipo.

Maana ya programu huria

Kila programu ya kompyuta huandikwa kwanza kwa maelekezo ambayo mtaalamu anaweza kuyasoma. Maelekezo hayo huitwa msimbo chanzo. Kampuni nyingi huuficha msimbo huo na kumuuzia mteja haki ya kuitumia programu tu. Programu huria hutolewa pamoja na msimbo wake, chini ya leseni inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuisambaza kwa wengine.

Watumishi wa sekta ya afya si wageni wa programu za aina hii. DHIS2, mfumo unaotumika nchini kujumlisha takwimu za vituo vya kutolea huduma, ni programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Katika upande wa ujumbe wa papo kwa papo zipo programu kadhaa zinazojulikana, zikiwemo Mattermost, Rocket.Chat, Zulip, na Element inayotumia itifaki ya Matrix iliyoanzishwa mwaka 2014. Itifaki ni kanuni za mazungumzo baina ya kompyuta, kama vile barua rasmi zilivyo na kanuni za anwani, kumbukumbu namba na sahihi.

Programu hizi hujengwa na watu wengi walio katika nchi mbalimbali. Mtu akiona kasoro, huieleza hadharani. Mwingine huandika marekebisho na kuyawasilisha. Wasimamizi wa mradi huyasoma mstari kwa mstari, majaribio ya kompyuta huyapima, na yakikubaliwa huingizwa katika toleo linalofuata. Si waandishi wa msimbo pekee wanaohitajika. Maneno yanayoonekana kwenye skrini hutafsiriwa na watu wa kujitolea, na mtu anayekijua Kiswahili vyema anaweza kuchangia hata kama hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu.

Faida ya uwazi huu huonekana mambo yanapobadilika. Kampuni iliyoanzisha Zulip ilinunuliwa na Dropbox mwaka 2014. Kwa programu ya kawaida, huo ungeweza kuwa mwisho wake. Lakini mwaka 2015 msimbo wake ulifunguliwa kwa umma, na programu hiyo inaendelezwa hadi leo. Taasisi inayotumia programu huria haifungwi na maisha ya kampuni moja.

Namna ujumbe unavyosafiri

Mfumo wa aina hii una sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni kivinjari, yaani programu ileile tunayoitumia kufungulia tovuti, iwe kwenye simu au kompyuta. Ya pili ni seva, kompyuta inayofanya kazi usiku na mchana kupokea na kugawa ujumbe. Ya tatu ni hifadhidata, ambayo ndiyo ghala la ujumbe wote.

Katika kusoma tovuti ya kawaida, kivinjari huuliza, seva hujibu, na mazungumzo huishia hapo. Utaratibu huo hautoshi kwa ujumbe wa papo kwa papo, kwa sababu seva inapaswa kutoa habari ambayo mpokeaji hakujua kwamba aiulize. Njia ya kwanza iliyotumika ilikuwa kivinjari kuuliza kila baada ya sekunde chache kama kuna jipya. Njia hiyo hula salio la intaneti na kuichosha seva, kwa kuwa mara nyingi jibu ni hapana.

Njia iliyo bora zaidi ni kivinjari kuuliza mara moja, kisha seva kulishikilia swali hilo bila kujibu hadi ujumbe upatikane au muda uliopangwa, mathalani nusu dakika, uishe. Ni sawa na tarishi anayeambiwa asubiri dirishani hadi barua iwe tayari, badala ya kwenda na kurudi mikono mitupu. Matrix hutumia njia hii. Mattermost na Rocket.Chat hutumia njia nyingine iitwayo WebSocket, iliyowekewa kiwango rasmi mwaka 2011, ambapo mlango kati ya kivinjari na seva hubaki wazi na pande zote mbili huweza kusema wakati wowote.

Ujumbe unapofika, seva huhakikisha kwamba mtumaji ni mwanachama halali wa chumba cha mazungumzo, huuandika katika hifadhidata, kisha huupeleka kwa waliomo. Ambaye simu yake imezimwa ataukuta atakapoingia tena. Kwa kuwa kumbukumbu iko kwenye seva ya taasisi na akaunti imefungwa na wadhifa, makabidhiano ya ofisi huwa mepesi: msimamizi huifunga akaunti ya aliyehama, humwingiza aliyeripoti, na kazi huendelea.

Siri na kumbukumbu

Ujumbe hulindwa kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kuufumba njiani, kati ya kivinjari na seva, ili anayeunasa mtandaoni asiuelewe. Hatua ya pili ni kuufumba kuanzia kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, hata seva yenyewe isiweze kuusoma. Katika hatua hii funguo za kufumbulia hukaa kwenye vifaa vya watumiaji. Tangu mwaka 2020 Element hutumia ulinzi huo bila kuombwa kwa vyumba vipya vya faragha.

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu. Ujumbe ambao seva haiwezi kuusoma ni salama zaidi iwapo seva itavamiwa. Lakini mtumishi akipoteza simu naye hakuwahi kuhifadhi ufunguo wake wa urejeshaji, anaweza kushindwa kusoma ujumbe wake wa zamani moja kwa moja. Aliyeripoti leo naye huenda asiweze kusoma yaliyoandikwa kabla yake. Kwa hiyo taasisi inapaswa kupambanua mapema: mazungumzo yapi ni kumbukumbu ya ofisi inayopaswa kurithiwa, na yapi yana siri ya mtu, kama vile hali ya mgonjwa au shauri la ukatili dhidi ya mtoto, ambayo lazima yafumbwe hadi mwisho. Kuyaweka yote katika chumba kimoja ni kukosa yote mawili.

Ifahamike pia kwamba ufumbaji huficha maneno, hauifichi safari. Seva hujua ni nani aliwasiliana na nani na saa ngapi. Anayeisimamia seva amepewa dhamana sawa na ya mtunza masijala.

Funzo kutoka Ufaransa

Serikali ya Ufaransa ilikabiliwa na tatizo tulilolieleza hapo juu: viongozi na watumishi wake walikuwa wakijadili mambo ya ofisi katika programu za kampuni za nje. Ikaamua kujenga mfumo wake uitwao Tchap, ikitumia itifaki ya Matrix na kuirekebisha programu huria iliyokuwapo badala ya kuanza upya. Tchap ilizinduliwa Aprili 2019, na aliyestahili kujiandikisha alikuwa mwenye anwani ya barua pepe ya Serikali.

Mara tu baada ya uzinduzi, mtafiti wa usalama alionyesha kwamba mtu asiye mtumishi angeweza kujiandikisha kwa kuichezea namna anwani hiyo ilivyoandikwa. Alitoa taarifa kwa wahusika na kasoro ikarekebishwa upesi. Mwezi huohuo iligundulika kwamba wavamizi walikuwa wameingia katika seva za mradi wa Matrix wenyewe kupitia programu ya ziada ambayo haikuwa imesasishwa. Huduma ilizimwa, watumiaji wote wakatolewa nje, na wale ambao hawakuwa na nakala ya funguo zao walipoteza ujumbe uliofumbwa.

Matukio haya mawili yanafundisha jambo moja. Msimbo ulio wazi hurahisisha kasoro kuonekana na kurekebishwa, lakini hauirekebishi wenyewe. Lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kupokea taarifa, kuielewa na kuchukua hatua siku hiyohiyo. Ufaransa haikuuacha mfumo wake. Iliurekebisha na kuuendeleza, na Tchap ingali ikitumika katika utumishi wake wa umma.

Kazi isiyoonekana

Mtaalamu mmoja wa TEHAMA anaweza kusimika mfumo wa namna hii kwa siku moja au mbili. Kuuweka hai ndiyo kazi, na kazi hiyo haina siku ya mwisho. Yafuatayo ni baadhi ya mambo yanayopaswa kufanywa na mtu aliyetajwa kwa jina katika orodha ya majukumu.

Masasisho. Matoleo mapya hutoka mara kwa mara, na mengine huziba matundu ya usalama. Siku tundu linapotangazwa, wavamizi nao husoma tangazo hilo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vyeti vya usalama. Tovuti huthibitisha utambulisho wake kwa cheti cha kidijitali. Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bila malipo, na kwa miaka mingi vimekuwa vya siku 90. Kompyuta inaweza kuvihuisha yenyewe, lakini utaratibu huo ukikatika bila mtu kujua, vivinjari vyote vitaanza kuwaonya watumiaji kwamba tovuti si salama.

Nakala za akiba. Septemba 2025 diski za hifadhidata ya seva kuu ya matrix.org ziliharibika. Data ilikuwa zaidi ya terabaiti 50, na kuirejesha kutoka kwenye nakala kulichukua saa nyingi. Lakini nakala ilikuwepo, na ujumbe ukarudi. Nakala inayokaa ndani ya seva ileile si nakala, na ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa ni matumaini tu.

Akaunti. Orodha ya watumiaji lazima ilingane na orodha ya watumishi. Barua ya uhamisho inapotoka, Ofisi ya Utumishi na Kitengo cha TEHAMA vinapaswa kuipata siku moja. Bila hilo tutakuwa tumehamisha tatizo la makundi ya simu na kulileta kwenye seva yetu.

Nafasi. Maneno hula nafasi ndogo, picha na video hula kubwa. Bila kanuni ya muda wa kuhifadhi, diski hujaa, na hifadhidata isiyo na mahali pa kuandika husimama.

Umeme, kebo na mahali pa kuiweka seva

Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita kutokana na hitilafu iliyotokea wakati wa matengenezo ya mtandao wa kampuni inayozimiliki. Hakuna ofisi ya wilaya ambayo ingeweza kufanya lolote isipokuwa kusubiri. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania na nchi jirani ikadorora kwa siku kadhaa. Seva iliyoko ndani ya nchi inaweza kuendelea kuhudumia watumiaji wa ndani katika hali ya namna hiyo, mradi njia za ndani ziwe nzima.

Faida hiyo ina mipaka. Kengele inayolia kwenye simu ujumbe unapoingia hupitia, kwa simu nyingi, katika huduma za Google au Apple zilizo nje, hata kama seva ni yako. Kebo ikikatika, ujumbe unaweza kuwepo lakini kengele isilie, na mtumishi alazimike kufungua mwenyewe aangalie. Vilevile seva iliyowekwa katika chumba cha ofisi chenye umeme wa kukatika ni dhaifu kuliko huduma tunayoikimbia. Umeme ukizimika makao makuu, zahanati zote hukatika kwa pamoja. Ndiyo sababu seva ya kazi za umma inastahili kukaa katika kituo cha data chenye umeme wa akiba, ubaridi wa kutosha na walinzi.

Kupima gharama na kuanza kwa kiasi

Anayepanga bajeti kwa kutazama bei ya programu ataandika sifuri na kukosea. Gharama halisi ni seva au kodi yake, umeme, intaneti, mafunzo, na zaidi ya yote muda wa wataalamu. Wataalamu hao wawe angalau wawili, kwa sababu mfumo unaojulikana na mtu mmoja husimama siku anapougua. Ikiwa nafasi hizo hazipo, ni busara kuungana na taasisi nyingine au kutumia mfumo unaosimamiwa kwa pamoja serikalini. Miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma husimamiwa chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na viwango vya Mamlaka ya Serikali Mtandao vinapaswa kufuatwa tangu hatua ya wazo.

Njia salama ni kuanza na kundi dogo lenye hitaji linaloeleweka, kwa mfano wafamasia wa vituo wanaoulizana kuhusu akiba ya dawa. Kundi hilo litaonyesha kama mtandao wa vijijini unatosha, kama simu za zamani zinafungua ukurasa, na kama watu wanaurudia mfumo bila kusukumwa. Mfumo ulio salama lakini mgumu kutumia utawarudisha watumishi kwenye makundi yao ya zamani ndani ya wiki moja, na hakuna waraka utakaowazuia.

Yanayomhusu mwananchi

Mwananchi huenda asiione kamwe seva tuliyoieleza hapa. Lakini jina lake, ugonjwa wake, kiwanja chake na lalamiko lake vimo katika ujumbe unaotumwa kila siku kwa ajili yake. Ana haki ya kuuliza taarifa zake zinatumwa kwa njia gani na zinafika kwa nani. Anaweza pia kumwomba mtumishi asiipige picha fomu yake na kuituma katika kundi lenye watu wasiohusika.

Kwa mtumishi, yapo mambo asiyohitaji kusubiri mfumo mpya ili ayatimize: kuondoka katika makundi ya kituo alichohama, kutotuma jina la mgonjwa pale ambapo namba ya jalada inatosha, na kufuta picha za nyaraka zikishafanyiwa kazi na kuhifadhiwa katika jalada rasmi. Programu huria inaweza kuipa Halmashauri nyumba iliyo yake ya kufanyia mazungumzo hayo. Ila nyumba yoyote inahitaji mwenye kufagia, kufunga milango jioni na kujua ni nani ana ufunguo, na kazi hiyo ndiyo inayopaswa kuingizwa katika bajeti kabla programu haijapakuliwa.